Njia za Mbio Zipitazo Msituni na Kando ya Shamba Lako

Mkulima, ikiwa shamba lako li mpakani mwa msitu, kule juu Kaptagat, Timboroa, Nyahururu au Kinangop, bila shaka umewaona. Ni saa kumi na mbili asubuhi, nawe umekaa karibu na ng'ombe ukikamua, mara wasikia vishindo vya miguu. Vijana kumi au kumi na watano wanapita mbio kwa mstari mmoja, hawasemi neno, pumzi zao zafuka kama moshi kwa sababu ya baridi. Ndoo yako haijajaa nao wamekwisha kuingia msituni. Baada ya saa moja na zaidi watatokea upande wa pili, magoti yametapakaa udongo mwekundu, na wewe utakuwa njiani na kopo lako kwenda kwenye kituo cha maziwa.

Wakulima wengi hudhani kwamba njia wanayopita vijana hao ni mambo ya wakimbiaji wenyewe, wala hayamhusu mwenye shamba. Sivyo. Njia ile ndiyo wanayopita watoto wako kwenda shule. Ndiyo apitayo punda mwenye makopo, na akina mama wenye mizigo ya kuni. Tena njia ile ikiharibika, udongo unaochukuliwa na maji si wa wakimbiaji, ni wako wewe. Kwa hiyo mwezi huu twataka kueleza njia za namna hii zafaa kwa nini, zinaharibika vipi, na mwenye shamba anaweza kufanya nini kwa jembe na beleshi lake mwenyewe.

KWA NINI WANAPENDA KATIKATI YA MLIMA

Watu wengi nje ya Kenya walianza kuuliza habari za milima yetu mwaka 1968, wakati wa michezo ya Olimpiki huko Mexico. Mji ule uko juu, kama mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na wakimbiaji wengi waliotoka nchi za chini walikosa pumzi kabisa. Vijana wetu watatu walishinda dhahabu: Naftali Temu katika mita 10,000, Kipchoge Keino katika mita 1,500, na Amos Biwott katika mbio za kuruka viunzi na maji. Wote watatu walikuwa wamezaliwa na kukulia nyanda za juu. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1964 huko Tokyo, Wilson Kiprugut alikuwa ameleta medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Kenya, ya shaba, katika mita 800.

Sababu yenyewe ni hii. Hewa ya juu si mbaya; ni nyepesi tu. Ukiwa mita 2,400, mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa Mombasa, na kila unapovuta pumzi unapata oksijeni kidogo kuliko mtu wa pwani. Mwili hauridhiki na hali hiyo. Figo hutoa amri, na mifupa hutengeneza chembe nyekundu za damu nyingi zaidi, nazo ndizo zinazobeba oksijeni. Mgeni atokaye nchi za chini huhitaji majuma kama matatu mpaka mwili wake uanze kuzoea, na siku za kwanza huenda akaumwa kichwa na kukosa usingizi. Wewe umezaliwa nayo hali hiyo na huioni.

Lakini ukipanda juu zaidi, kupita mita 3,000, mambo hugeuka. Hapo hewa ni nyepesi mno, mtu hawezi tena kukimbia kwa nguvu, halali vizuri, wala mwili haupumziki. Ukishuka bondeni Kerio nako kuna joto na malaria. Basi mahali panapofaa ni pale katikati, baina ya mita 2,000 na 2,500, na kwa bahati njema hapo ndipo yalipo mashamba mengi ya skimu na misitu ya serikali. Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge amefanya mazoezi yake kwa miaka mingi chini ya mwalimu Patrick Sang, iko katika kimo hicho. Kutoka njia zile alikwenda Vienna tarehe 12 Oktoba 1999? La, tusikosee: ilikuwa mwaka 2019, akamaliza kilomita 42 na zaidi kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Faith Kipyegon naye, aliyeshinda mita 1,500 katika michezo mitatu ya Olimpiki mfululizo, ya Rio, ya Tokyo na ya Paris, amefanya mazoezi huko huko.

Kimo peke yake hakitoshi, la sivyo ng'ombe wetu wote wangekuwa na medali. Mkimbiaji ataka pia ardhi isiyomvunja. Barabara ya lami ni ngumu na magari ni mengi. Ndani ya msitu ardhi ina majani makavu na sindano za paini, jua halichomi, upepo umezuiwa na miti, na hapana lori la kumfuata mtu nyuma. Njia nyingi zilizomo zilikatwa kwanza kwa ajili ya kutolea magogo ya saipresi na paini, kwa hiyo ni pana na hazipandi ghafula. Tena njia isiyo sawasawa, yenye mizizi na mawe hapa na pale, humfundisha mtu kuinua miguu na kuyatia nguvu mafundo yake.

JINSI MAJI YANAVYOIUA NJIA

Sasa tuje kwa jambo linalokuhusu wewe hasa. Msituni njia hukaa miaka mingi. Inapotoka msituni na kuingia mashambani ndipo inapokufa, na inakufa kwa sababu watu hupenda kukata moja kwa moja kutoka juu mpaka chini.

Tazama hesabu hii. Njia yako ina upana wa mita 1 na urefu wa mita 300. Ikinyesha mvua ya milimita 25, ambayo si mvua kubwa kwetu, yanaanguka juu ya njia ile peke yake maji lita 7,500. Hayo ni mapipa 37 na nusu ya lita 200, na bado hujahesabu maji yatokayo shambani na paani mwa nyumba. Udongo wa njia umekanyagwa na miguu na kwato hata umekuwa kama sakafu, haunywi maji. Basi maji yote yatashuka, na kwa kuwa njia imeelekea chini moja kwa moja, yatazidi mbio kila hatua. Maji yaendayo pole hubeba vumbi tu. Maji yaendayo mbio hubeba mchanga, kisha kokoto, kisha hung'oa.

Njia hiyo ikichimbika kina cha sentimita 30, ambacho ni kina cha mtaro wa kawaida tu, udongo uliokwenda ni mita za ujazo 90. Lori linalobeba mita 5 litasomba safari 18. Ungemwona mtu ameleta lori mara 18 kuchukua udongo wako usiku, ungempeleka kwa chifu.

Katika kazi yetu tumeliona shamba moja, wala hatutataja la nani wala liko kaunti gani. Njia ilitoka kwenye lango la msitu ikashuka hadi mtoni. Ilipoanza kuwa korongo, mwenye shamba alikasirika akaifunga kwa waya wenye miiba. Watu hawakuacha kupita, maana mto na shule viko upande wa pili. Walizunguka waya wakakanyaga njia nyingine kando yake. Naye akaziba hiyo pia. Wakakanyaga ya tatu. Kufika msimu wa tatu wa mvua alikuwa na makorongo matatu badala ya moja, na ukanda wote wa matete aliokuwa akilishia ng'ombe wawili umekatika vipande. Wakimbiaji walihamia kwingine. Watoto wa shule ndio walioumia, maana walianza kuzunguka kwa barabara kuu ya lami, asubuhi yenye ukungu, pamoja na malori ya mbao na matatu. Wazazi waliogopa, na haki yao kuogopa.

Bwana yule si mtu mbaya. Alifikiri kwamba njia inaharibiwa na miguu. Kwa kweli miguu huikandamiza tu. Maji ndiyo yanayoichimba. Ukimfukuza mpita njia na kuyaacha maji, hujafanya kitu.

KUIPANGA NJIA UPYA

Wazee wetu watakumbuka mitaro iliyochimbwa kwa amri miaka ya 1940, na jinsi watu walivyochukia kazi ile, hata huko Murang'a ikawa fitina kubwa. Haikuchukiwa kwa sababu mitaro haifai, ila kwa sababu ilikuwa kazi ya kulazimishwa na mwenye shamba hakuulizwa. Hapa hakuna wa kukulazimisha. Lakini hekima ni ile ile: usiruhusu maji yashuke moja kwa moja.

Njia njema hupita ubavuni mwa mlima, ikishuka pole pole. Kuna sheria mbili za kukumbuka. Ya kwanza, mshuko wa njia usizidi moja kwa kumi, yaani ukienda mita 10 mbele usishuke zaidi ya mita 1. Ya pili, mshuko wa njia usizidi nusu ya mshuko wa mlima wenyewe. Sheria hii ya pili watu huisahau. Ikiwa mlima wako ni mlalo tu, hata njia isiyo kali itageuka mfereji, kwa sababu maji yaliyoingia ndani yake hayana upande wa kutokea.

Kupima si lazima uwe na chombo cha fundi. Tafuta ubao ulionyoka wa mita 2. Kwenye ncha moja, upande wa chini, pigilia kigingi cha sentimita 20. Chukua chupa iliyonyoka, ijaze maji ubakize povu moja dogo, uifunge katikati juu ya ubao. Sasa weka ncha isiyo na kigingi upande wa juu wa mlima, na kigingi kikae upande wa chini. Sogeza kigingi kulia na kushoto mpaka povu litulie katikati ya chupa. Hapo unajua ya kuwa ardhi imeshuka sentimita 20 katika mita 2, ndiyo moja kwa kumi. Piga mambo, songa mbele, pima tena. Watoto wawili wa shule waweza kukupimia shamba zima Jumamosi moja, na wataifurahia kazi hiyo kuliko kupalilia.

Mambo yakiisha kupigwa, rudi nyuma uitazame njia kwa jicho. Ikiwa imepinda mno kuzunguka jiwe au mti, irekebishe kidogo. Palipo na kona ya kugeuka nyuma, ichague pale mlima ulipo mpole, maana kona iliyo mahali pa kali watu wataikata tu, na wewe utapata korongo jipya. Ni vizuri kuweka kichaka au mawe makubwa katikati ya kona ili asionekane wa chini na wa juu. Mtu akiona njia ya mkato ataifuata. Usimpe nafasi ya kuiona.

Ukichimba, chimba upana wote wa njia ndani ya mlima. Usichimbe nusu na kujaza nusu kwa udongo ulioutoa, maana udongo wa kujaza ni mlegevu na utaporomoka mvua ya kwanza pamoja na mtu aliye juu yake. Udongo uliotoka utandaze mbali chini. Uso wa njia uuelekeze kidogo upande wa bondeni, kama sentimita 5 kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke njia na kwenda zake badala ya kuifuata. Watu wengi hufanya kinyume, wanainua ukingo wa nje wakidhani wanamlinda mpita njia asianguke. Ukingo ule ndio unaofunga maji ndani. Uondoe.

Kisha, kila baada ya mita 15 au 20, ifanye njia iinuke kidogo kabla ya kuendelea kushuka, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Maji yakifika hapo hayawezi kupanda, yatatoka pembeni. Tuta hilo lisiwe fupi na kali. Liwe refu, kama mita 3 tokea mwanzo hadi mwisho, mpaka mtu mwenye mzigo kichwani asilitambue. Watu wengine huzika magogo njiani kwa mshazari ili kuyatoa maji. Magogo yafaa kwa njia ya ng'ombe, lakini kwa mkimbiaji na kwa mtoto yanateleza vibaya yakilowa, na baada ya miaka michache huoza yakaacha shimo. Sisi twapenda tuta la udongo lililoshindiliwa vizuri.

Jambo la kuangalia sana ni mahali maji yanapotokea. Yatoe kwenye majani au kichaka, yasambae. Usiyatoe kwenye mahindi ya jirani yako. Kesi nyingi za majirani kwa chifu zimeanzia kwa mfereji wa namna hiyo.

Na lile korongo la zamani? Usiliache wazi, maana litaendelea kula kuelekea juu. Funga vizuizi vya mawe au fito zilizosukwa, kimoja chini ya kingine, na vipange hivi: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kizuizi cha juu yake. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati wala yasichimbe kingo. Panda matete na majani ya kikuyu nyuma ya kila kimoja. Katika misimu michache udongo utajaa, nawe utakuwa na kipande cha malisho mahali palipokuwa na shimo.

Mahali penye majimaji usitupe matawi peke yake. Yataoza, na mtu atavunja mguu. Weka mawe makubwa chini, kokoto juu, kisha udongo. Ukifika mtoni, vusha njia kwa kuukata mto moja kwa moja, wala usiifuatishe njia ukingoni; majani na miti ya ukingo ni ya kulinda maji na haipasi kukatwa.

NDANI YA MSITU SI SHAMBANI MWAKO

Yote tuliyosema yahusu upande wako wa mpaka. Ukivuka ukaingia msitu wa serikali, kukata njia mpya bila ruhusa ni kosa, kama vile kukata mti au kuchunga bila kibali. Kwanza mwone afisa wa Huduma za Misitu katika kituo chako. Tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2016 iliyoichukua nafasi yake, wenyeji wanaweza kuungana katika chama cha jamii cha msitu na kutia sahihi mapatano ya kuutunza pamoja na serikali. Kupitia chama hicho mwanakijiji hupata kuni, malisho na nyuki kwa utaratibu. Njia za miguu na za mbio nazo zaweza kuingizwa katika mpango wa msitu, na hapo zinalindwa: mkata magogo akiziharibu, kuna mahali pa kulalamika. Njia isiyoandikwa popote haina mtetezi.

Hali kadhalika, kabla hujafunga njia yoyote inayopita shambani, nenda ofisi ya ardhi ukaitazame ramani ya skimu. Wakati mashamba ya wazungu yalipogawanywa, tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, wapimaji waliacha njia za kufikia mto, soko na shule. Babu yako huenda alizijua zote. Kama njia imo ramanini, si yako kuifunga. Kama haimo, lakini watu wamepita hapo miaka arobaini, ni afadhali ukae na majirani mwelewane mahali pa kuihamishia kuliko kuweka waya. Waya hauna haya lakini una maadui.

Kwa wale wa Kinangop na pande zote za Nyandarua kuna neno zaidi. Ua wa umeme unaozunguka msitu ule, ulioanzwa mwaka 1989 na kumalizika 2009, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, una sababu yake. Ndani kuna ndovu na nyati. Njia zenu za mbio zibaki upande huu wa ua, katika mashamba na barabara za udongo. Nyati hakubali kushindana mbio na mtu, naye ndiye ashindaye.

MBWA, NG'OMBE NA KARANTINI

Mbwa mmoja asiyefungwa asubuhi hufunga njia nzima. Mfunge saa za watu kupita, na umchanje dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mtu akiumwa, oshwe kidonda mara hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, halafu apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama mbwa aonekana mzima. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mwanadamu hakuna dawa.

Kuhusu ng'ombe, neno kubwa ni ugonjwa wa miguu na midomo. Ugonjwa huu huenda na viatu, kwato, magurudumu na nguo. Daktari wa mifugo akitangaza karantini, njia inayopita karibu na boma haina budi kufungwa kwa muda, na wakimbiaji waelezwe wazunguke. Waambie kwa heshima na uwape sababu. Wengi wao ni watoto wa wafugaji na wataelewa. Lakini ni vizuri zaidi kuipanga njia tangu mwanzo iwe mbali na boma, hori na mahali pa kukamulia. Majani ya kandokando yakatwe mafupi kwa fyekeo, kwa maana kupe hukaa kwenye ncha za majani marefu akimngojea yeyote apitaye, awe ndama au mtu.

JE, KUNA FEDHA?

Kuna, lakini usidanganywe. Kambi za wakimbiaji hununua maziwa, mayai, unga na mboga kila siku, na mwenye shamba aliye karibu anaweza kuwa na mnunuzi asiyekopa. Iten na Kaptagat wapo waliojenga vyumba vya wageni. Lakini si kila njia italeta kambi, na si kila kijana apitaye mbio atakuwa Kipchoge. Tumeona wakulima waliouza ng'ombe ili kujenga nyumba za wageni kabla mgeni yeyote hajafika. Anza na maziwa yako. Njia iliyotengenezwa itakulipa kwanza kwa udongo uliobaki na makopo yaliyofika bila kumwagika, na hayo hayategemei bahati.

Mwanao akitaka kukimbia, mwache aanze pole pole katika njia hiyo hiyo, akipanda kwa hatua fupi na kushuka bila kujitupa, maana kushuka mlima ndiko kunakoumiza mapaja na magoti. Asiende peke yake msituni, aseme amepita njia gani, na mvua ya radi ikianza atoke mahali palipoinuka wala asijifiche chini ya mti mrefu uliosimama peke yake. Na amalize masomo. Hilo halina uhusiano na njia, lakini tumeona tuliseme.

WAKATI WA KAZI

Pigeni mambo wakati wa kiangazi, Januari na Februari, majani yakiwa mafupi na mlima ukionekana. Lakini msishindilie udongo mkavu, haushiki. Ngojeeni manyunyu ya kwanza kabla ya masika, udongo ukiwa umelowa kidogo hata ukiufinyanga mkononi unakaa pamoja, ndipo mchimbe na kupiga matuta. Kwa watu sita na majembe, mita 300 ni kazi ya siku chache, na mkizungumza na kambi ya jirani huenda vijana wakaja kusaidia siku yao ya kupumzika, maana njia ni yao pia.

Halafu mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, usikae ndani. Jifunike gunia, chukua jembe, uitembee njia kuanzia lango la msitu hadi chini huku maji yanakwenda. Utaona kwa macho yako ni tuta lipi linalofanya kazi na lipi limepitwa, na palipo na kosa utalisawazisha pale pale kwa mapigo mawili matatu.